Almasi Mbili za Macondo

Cholado huanza kwa barafu iliyokunwa. Katika mji wa Jamundí, kusini ya Cali, kwenye bonde la mto Cauca nchini Kolombia, muuzaji huijaza barafu hiyo katika bilauri kubwa, akatia matunda ya kukatakata: papai, nanasi, embe, ndizi, na lulo, tunda chachu lililo jamaa ya nyanya na bilingani. Juu yake humimina sharubati nzito ya rangi, kisha maziwa mazito ya kopo, na mara nyingi nazi. Huliwa kwa haraka, maana jua la bonde halina subira. Pwani ya Karibi, kaskazini mwa nchi hiyo hiyo, jamaa yake huitwa raspao, barafu na sharubati tu, bila ya shehena hiyo ya matunda. Jina la raspao latokana na kitenzi cha kukwangua. Mfasiri wa Kiswahili angekuwa na haki ya kuandika "kukuna", na papo hapo muuzaji angeonekana amekalia mbuzi.

Uhakiki wa fasihi una haja gani na bilauri hiyo? Haja ipo. Riwaya mashuhuri kuliko zote za Kolombia, Cien años de soledad, yaani Miaka Mia ya Upweke, ya Gabriel García Márquez, iliyotoka mwaka 1967, hufunguka kwa barafu, na barafu hiyo imewapumbaza wasomaji wengi. Wajipsi wameileta katika sanduku. Watu hulipa ili waione, na hulipa tena ili waiguse. José Arcadio Buendía aidhania kuwa almasi kubwa kupita zote duniani. Mwanawe Aureliano aigusa, akaurudisha mkono akidai kuwa yachemka. Hapo wahakiki hutaja uhalisia wa mazingaombwe, wakafunga daftari.

Barafu yenyewe haikuishia hapo. Miaka mingi baadaye Aureliano Triste, mmoja wa wana 17 wa yule aliyeigusa utotoni, ambaye sasa ni kanali mzee, ajenga kiwanda cha barafu alichokiota babu yake. Barafu yawa nyingi kuliko haja ya mji, naye aamua kuwa lazima ije reli ili iuzwe mbali. Ndugu yake Aureliano Centeno, aliyeachiwa kiwanda, aanza kugandisha maji ya matunda badala ya maji matupu. Ni kifungu kifupi mno, na msomaji mwenye pupa hukiruka. Lakini hapo ndipo barafu na tunda vinapokutana kwa mara ya kwanza katika Macondo. Laiti kijana yule angeachwa aendelee, pengine angefika kwenye bilauri ya Jamundí kwa njia yake mwenyewe.

Hakuachwa. Reli iliyoitwa na barafu yamleta mgeni, Mr. Herbert, ambaye mezani kwa akina Buendía apewa ndizi. Aila ya kwanza bila ya hamu kubwa, kisha nyingine na nyingine, na mwisho atoa vyombo vyake kuipima, kwa uangalifu wenye shaka wa mfanyabiashara wa almasi. Tashbihi hii ndiyo ufunguo. Mtu wa Macondo aliiona almasi katika barafu, akasahihishwa; mgeni aliiona katika ndizi, akaanzisha kampuni. Mwandishi hakuliweka neno hilo mara mbili kwa kubahatisha.

Kampuni yaja na wauaji wa kukodiwa wenye mapanga, waliotiwa mahali pa polisi wa zamani. Siku moja babu ampeleka mjukuu wake wa miaka saba kunywa kinywaji baridi kwenye vigari vya uwanjani. Mtoto amgonga koplo, kinywaji chamwagikia sare, naye akatwakatwa kwa panga. Kanali apiga kelele kuwa atawapa silaha wanawe wawafukuze wageni hao. Baada ya hapo wanawe wawindwa mmoja mmoja, na asalimika mmoja tu. Aureliano Centeno akutwa katika pembea yake ya wavu mle mle kiwandani, amechomekwa katikati ya nyusi kwa chuma cha kuvunjia barafu, hadi kwenye mpini.

Haiyumkiniki kuyasoma hayo kisha mtu akasema barafu katika riwaya hii ni ajabu ya utotoni tu. Ni uzi mmoja, kutoka sandukuni hadi kiwandani, hadi kigarini, hadi kwenye paji la uso. Treni nayo, iliyokusudiwa kubeba barafu, mwisho yabeba maiti za wagomaji, waliopangwa kama mikungu ya ndizi, wakatupwe baharini. Na mji wote washikilia kuwa hakuna aliyekufa. Historia yenyewe yajulikana: mwezi wa Disemba 1928, huko Ciénaga, jeshi liliwapiga risasi wafanyakazi wa United Fruit Company waliogoma. Idadi ya waliokufa yabishaniwa hadi leo. Ile ya zaidi ya 3,000 ni ya riwaya.

Lawama moja yamstahili mwandishi. Muuzaji wa kigari kile hana jina wala neno. Mtoto ametajwa, babu ametajwa, koplo ametajwa. Aliyekijaza kinywaji chenyewe amepita kama kivuli, katika kitabu kisichochoka kurudiarudia majina ya akina Aureliano.

Katika mazungumzo yake na Plinio Apuleyo Mendoza, yaliyochapishwa mwaka 1982 kwa jina la El olor de la guayaba, García Márquez alisimulia barafu yake ya kwanza ilikotoka. Haikuwa ya Wajipsi. Alipokuwa mtoto Aracataca, babu yake alimpeleka kwenye kampuni ya ndizi, akaamuru lifunguliwe sanduku la samaki waliogandishwa, akamtia mkono ndani.