Waliagizwa Jua, Wakaleta Nailoni

Mwaka 1973 nchi za Kiarabu ziliponyima mafuta baadhi ya nchi za Magharibi, bei ilipanda takriban mara nne katika miezi michache, na serikali nyingi zikakumbuka kwamba jua halina ankara. Saskatchewan, jimbo la mashamba ya ngano katikati ya Kanada, ilikuwa miongoni mwao. Serikali yake ililiomba Baraza la Utafiti la jimbo lijenge nyumba ya mfano inayopashwa joto na jua. Nyumba hiyo, Saskatchewan Conservation House, ilisimama mwaka 1977 mjini Regina, mji ambao fundi akipima tanuri la nyumba huanza hesabu yake kwenye nyuzi 34 chini ya sifuri.

Waliokabidhiwa kazi hiyo, akiwemo Harold Orr wa Baraza la Taifa la Utafiti, Robert Besant wa Chuo Kikuu cha Saskatchewan, Rob Dumont na David Eyre, waliyasoma maagizo, wakafanya hesabu, wakaona kuna tatizo. Regina iko nyuzi 50 kaskazini mwa ikweta. Katika siku fupi kuliko zote za Desemba, jua la saa sita mchana hupanda nyuzi 16 tu juu ya upeo, na mchana wote ni wa saa nane hivi. Yaani joto linapohitajika zaidi ndipo jua linapokuwa bahili zaidi. Kuliweka joto la kiangazi likae hadi Januari kunahitaji tangi la maji la ukubwa wa kutisha. Basi wakaligeuza swali. Kabla ya kuuliza joto litoke wapi, wakauliza linapotelea wapi.

Hapo ndipo uchambuzi huu unapoanzia, kwa sababu jibu lao lilikuwa tofauti na lile ambalo wenye nyumba wengi wangelitoa wakati ule, na hata leo. Ukimwuliza mtu joto lake linatorokea wapi atakuonyesha dirisha. Orr, akizungumzia nyumba za Kanada kwa jumla, aligawa hasara hivi: kuta za nje takriban asilimia 10, dari asilimia 10, madirisha na milango asilimia 10, chumba cha chini ya ardhi asilimia 30 hivi, na hewa inayopenya kwenye nyufa asilimia 30 hadi 40. Mwizi mkubwa kuliko wote hana sura. Anapita kwenye tundu la waya, pembeni mwa bomba la maji, kwenye kifuniko cha kupandia darini, na pale ubao wa ukuta unapokalia msingi.

Mtu anaweza kuthibitisha hilo kwa kalamu na karatasi. Nyumba ya Regina ilikuwa na eneo la mita za mraba 188 kwa orofa mbili. Ukichukua kimo cha mita 2.4 kwa kila orofa, ndani mna hewa ya mita za ujazo 450. Kupandisha mita moja ya ujazo ya hewa kwa nyuzi moja kunakula takriban wati-saa 0.33. Nje ni nyuzi 34 chini ya sifuri, ndani unataka nyuzi 21 juu yake, kwa hiyo tofauti ni nyuzi 55. Hewa yote ikibadilika mara moja kwa saa, unahitaji kilowati 8 zinazowaka mfululizo, usiku na mchana, kwa ajili ya hewa peke yake, kabla hujahesabu ukuta wala kioo. Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha nafuu ya mchukuzi. Hapa mchukuzi anayepata nafuu ni muuza gesi.

Dawa yao ilikuwa karatasi ya nailoni, unene wake milimita 0.15, iliyozungushwa nyumba nzima bila kukatika. Nailoni ukutani haikuwa jambo geni Kanada. Ilikuwa ikitumika kuzuia mvuke. Kipya kilikuwa ukaidi wa kutokubali tundu hata moja, na mpangilio wa ukuta ulioufanya ukaidi huo uwezekane. Walijenga fremu mbili za mbao zilizotengana, unene wote ukakaribia sentimita 30, nafasi yote ikajazwa pamba ya glasi. Katika mtindo huo wa kuta pacha, nailoni haipigiliwi mara tu nyuma ya jipsamu kama ilivyozoeleka. Inakaa upande wa nyuma wa fremu ya ndani, kwa hiyo fundi umeme akipitisha nyaya na kufunga soketi, anafanya kazi zake zote mbele ya nailoni bila kuigusa. Ni akili ndogo yenye faida kubwa: huwezi kuwategemea mafundi watano wa fani tano wote wakumbuke kuziba matundu yao, lakini unaweza kupanga ukuta usiwape sababu ya kutoboa.

Kuna sharti moja. Hewa ya ndani imebeba mvuke wa pumzi, wa sufuria na wa bafu. Ikikutana na kitu cha baridi ndani ya ukuta mvuke unageuka maji, kisha barafu, na majira ya kuchipua yakija ubao unaanza kuoza. Ndiyo maana nailoni lazima ibaki upande wa joto. Kanuni ya mafundi wa Kanada ni kwamba angalau theluthi mbili za kihami joto ziwe nje yake.

Kuhusu unene, hesabu ni fupi. Ukuta wa kawaida wa enzi zile, wenye pamba ya glasi ya sentimita 9 hivi, katika baridi hiyo hupitisha karibu wati 27 kwa kila mita ya mraba. Wa Regina ulipitisha wati 8. Dirisha la vioo viwili hupitisha kama wati 150. Basi madirisha makubwa yalielekezwa kusini kunakotoka jua, na usiku yalifungwa kwa vibao vyenye kihami joto.

Kuziba ni kazi moja, kujua kama umeziba ni nyingine. Orr alikuwa miongoni mwa wahandisi wa miaka hiyo walioistawisha feni ya mlangoni. Unafunga madirisha yote, unaweka feni kwenye fremu ya mlango wa mbele, unanyonya hewa ya ndani mpaka tofauti ya shinikizo kati ya ndani na nje ifike paskali 50, sawa na uzito wa maji ya kina cha milimita 5. Kisha unasoma feni inatoa hewa kiasi gani, maana kinachotoka mlangoni ndicho kinachoingia kwenye nyufa. Nyumba ya Regina ilipata takriban 0.8, yaani chini ya ujazo mmoja wa nyumba kwa saa hata ikinyonywa hivyo. Kwangu mimi feni hii ina uzito kuliko kuta zenyewe. Ubora wa nyumba uliacha kuwa sifa za muuzaji, ukawa namba ambayo mnunuzi anaweza kuidai.

Lakini watu wanapumua. Nyumba iliyozibwa hivyo bila mpango mwingine hujaa unyevu, kuvu na harufu ya samaki wa juzi. Kundi la Besant lilitengeneza kibadilisha joto cha hewa: sanduku la karatasi za plastiki zilizopangwa kwa tabaka, hewa chafu ya uvuguvugu ikitoka kwenye tabaka moja na hewa safi ya baridi ikiingia kwenye tabaka la jirani. Hazichanganyiki, ila joto linavuka. Ukihitaji kubadilisha asilimia 40 ya hewa kwa saa, hesabu yetu ya juu inakupa hasara ya kilowati 3.3. Sanduku likirudisha asilimia 80 ya joto hilo, hasara inabaki karibu kilowati 0.65. Kero yake ni kwamba kwenye baridi kali mvuke wa hewa inayotoka huganda ndani ya sanduku na kuziba njia, kwa hiyo lazima pawepo namna ya kuliyeyusha kila mara. Watengenezaji wa leo bado wanahangaika na barafu hiyohiyo.

Hasara zote zilipopungua, vyanzo vidogo ambavyo hakuna aliyevihesabu vikawa na maana: miili ya watu, friji, taa, jiko, jua la dirishani. Nyumba ikasimama bila tanuri, katika mji ambao kukosa tanuri Januari ni hatari kwa maisha. Na lile jua lililoagizwa? Wahandisi walitii. Waliweka mirija ya kioo ya kukusanya joto pamoja na tangi kubwa la maji. Mitambo hiyo ndiyo iliyokuwa ghali kuliko kitu kingine chochote ndani ya nyumba, ikasumbua kwa matengenezo, na baadaye ikaondolewa. Kuta, nailoni na pamba havikuhitaji fundi wa kuvirudia.

Yaliyofuata yanajulikana kwa wafuatiliaji. Kanada ilianzisha mpango wa R-2000 wa nyumba zinazotumia nishati kidogo mwanzoni mwa miaka ya 1980, mafuta yakashuka bei mwaka 1986, hamu ikapoa. Wolfgang Feist wa Ujerumani na Bo Adamson wa Sweden waliyachukua mawazo ya aina hii, wakayatia hesabu kali, na mwaka 1991 nyumba za kwanza za mtindo wa Passivhaus zikakamilika Darmstadt. Kiwango chao cha feni ya mlangoni ni 0.6. Mwaka 2015 taasisi ya Feist ilimtunuku Orr nishani ya waasisi, miaka 38 baada ya Regina.

Mimi navutiwa zaidi na kazi aliyoifanya mwaka 1982, kwa sababu wengi wetu hatujengi nyumba mpya; tunaishi kwenye mbovu zilizopo. Huko Saskatoon, Orr na Dumont walichukua nyumba ya kawaida ya orofa moja wakajaribu kuifunga kwa nje. Kikwazo cha kuzungushia nailoni nyumba iliyokwisha jengwa ni upenu. Paa linapochomoza kupita ukuta, mbao zake zinakatiza njia ya nailoni, na kila ubao ni tundu la kuziba kwa mkono. Wakaamua kuukata. Wakapita na msumeno wa mnyororo, wakaondoa upenu wote, nyumba ikabaki kama sanduku. Wakaivika nailoni kuanzia chini ya kuta hadi juu ya paa, wakajenga fremu mpya juu yake, wakaijaza pamba ya glasi, kisha wakaweka upenu mpya na ngozi mpya ya nje. Kwa kuwa ukuta wa zamani ulibaki ndani ya nailoni, hakuna jipsamu iliyobomolewa.

Feni ya mlangoni ilisoma 2.95 kabla ya kazi na 0.29 baada yake. Mahitaji ya joto katika baridi kali kabisa yalishuka kutoka kilowati 13.1 hadi 5.45. Zitazame namba hizo mbili kwa pamoja. Uvujaji ulipungua kwa asilimia 90, lakini hasara yote ilipungua kwa asilimia 58 tu, maana nailoni haizuii joto linalopita kwenye kioo au kuzama ardhini. Na ile ya kwanza, 2.95, haikuwa mbaya hata kidogo. Nyumba nyingi za kisasa zingeionea wivu. Hata nyumba ambayo mwenyewe angeapa haivuji ilikuwa na kilowati zaidi ya 7 za kuokolewa.

Sitamshauri mtu akate upenu wa nyumba ya kupanga. Ila Waswahili walioko Winnipeg au Minneapolis wanaweza kuchukua jambo moja hapa bila msumeno. Hewa ya uvuguvugu hupanda, ikatokea juu ya nyumba, na inapotoka hunyonya hewa ya baridi kupitia chini. Katikati ya kimo cha nyumba shinikizo la ndani na la nje hukaribiana, na nyufa za hapo huvuja kidogo kuliko za juu na za chini. Wengi huanza na dirisha la sebuleni kwa sababu ndilo linalowapuliza wakiwa kwenye kochi, wakati kifuniko cha darini, ambacho hakimpulizi mtu kwa kuwa hewa yake inatoka, kinamwaga joto majira yote. Kianze hicho, kwa utepe wa sponji kwenye kingo na kipande cha kihami joto mgongoni. Kisha shuka chini, pale mbao zinapokalia msingi na mabomba yanapoingilia. Dirisha lifuate.

Kuzitafuta nyufa hakuhitaji mhandisi. Subiri siku yenye baridi na upepo, funga kila kitu, washa feni za jikoni na bafuni zinazotoa hewa nje, kisha pita na kijiti cha udi kinachofuka kandokando ya fremu, soketi na mabomba. Moshi ukiyumba, umepata. Zima kwanza hita ya gesi au jiko la kuni linalovuta hewa ya chumbani, kwa sababu feni hizo zinaweza kurudisha moshi wake ndani pamoja na monoksidi ya kaboni isiyo na harufu. Matundu yaliyowekwa makusudi kuingiza hewa ya hita yasiguswe kabisa. Kwa sababu hiyohiyo, wa nyanda za baridi kama Makete na Limuru wanaolala na jiko la mkaa chumbani Julai wasiige habari hii ya nailoni. Jiko hilo ni hatari hata nyumba ikiwa na nyufa zake zote, na ukiziziba huamki.