Mlinganyo, Kigeu na Kisichojulikana: Uhakiki wa Istilahi za Aljebra

Suala la istilahi za hisabati limejadiliwa zaidi Tanzania, ambako Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi mwaka 1967. Nchini Kenya hali ni tofauti. Katika mji wa Nakuru, ambamo Wakikuyu, Wakalenjin na wengineo huishi pamoja, sera inakikubali Kiswahili katika madarasa matatu ya mwanzo. Kuanzia darasa la nne lugha rasmi ya masomo ni Kiingereza. Aljebra huja baada ya hapo. Kwa hiyo ufafanuzi wake kwa Kiswahili hubaki wa mdomo, na istilahi zake hazipimwi.

Chukua mfano wa mizani katika ghala la nafaka. Upande mmoja yamewekwa magunia matatu ya mahindi yenye uzito sawa, pamoja na jiwe la kilo 30. Upande wa pili mna mawe ya kilo 300. Yaani, 3x + 30 = 300. Kilo 30 zikiondolewa pande zote mbili, hubaki 3x = 270. Kila upande ukigawanywa kwa 3, x ni 90, uzito uliozoeleka wa gunia la mahindi nchini Kenya.

Istilahi mlinganyo inastahili sifa. Imetokana na kulinganya, na mwanafunzi huiona mizani ndani ya neno lenyewe. Kinyume chake, kauli "vusha ng'ambo, badili alama" huficha sababu. Mwanafunzi akiuliza kwa nini 30 imekuwa hasi, kitenzi vusha hakina jibu. Hakuna kilichovuka; kilo 30 zimeondolewa huku na huku.

Kigeu nacho kina kasoro. Kinafaa katika y = 2x, ambamo x huchukua thamani nyingi. Lakini gunia la mfano huu haligeuki: lina kilo 90 tangu mwanzo, ila uzito wake haujajulikana. Isitoshe, kigeu humkumbusha msikilizaji kigeugeu, mtu asiye na msimamo. Wanaaljebra wa Kiarabu walitumia shay, yaani kitu, wala hawakudai kwamba kinabadilika.

Kisichojulikana ni neno refu, lakini ni la kweli, nalo lastahili kutengwa na kigeu. Chuo Kikuu cha Egerton kiko Njoro, karibu na Nakuru. Istilahi hizi zaweza kupimwa madarasani humo kabla ya kuingizwa kamusini.