Kupima Darja ya Kitabu kwa Mtoto Asomeshwaye Nyumbani

Mzazi aliyeazimu kumsomesha mwanawe nyumbani, akavitandaza mezani vitabu vya mitaala mitatu au minne ili ateue kimfaacho mtoto wa miaka sita, aghalabu hutazama kwanza jalada akitafuta nambari. Na hapo ndipo taksiri ianziapo, maana nambari ile ni dhana ya mchapaji juu ya watoto asiowaona, wala si kipimo cha huyu aliyeketi mkekani akingoja. Wamarekani, ambao kwao elimu ya nyumbani imekuwa halali katika majimbo yote 50 tangu mwaka 1993, wanavyo vitabu vya hesabu vya Saxon vilivyopigwa chapa 5/4 na 6/5, na asiyevijua hudhani kuwa hizo ni sehemu za hesabu. Kumbe 5/4 ni kitabu cha mtoto wa kadiri wa darasa la tano, au cha mwepesi wa darasa la nne. Nami nakistahi kitabu kikiricho jaladani kwake kwamba darja moja yaweza kuwafaa watoto wawili wasiolingana umri. Kenya, katika mtaala wa umilisi, mtoto wa miaka minne huwekwa PP1, wa mitano PP2, na wa sita Gredi ya 1, na utaratibu huo ni mwema kwa serikali ihesabuyo madawati. Bali mama mwenye mwanafunzi mmoja hana dawati la kuhesabu.

Jalada likishawekwa kando, kitabu na kifunguliwe, lakini kisifunguliwe ukurasa wa kwanza, kwa kuwa kurasa za mwanzo za takriban kila kitabu ni marudio ya mwaka uliopita, na mtoto atazipita kwa mbio akakuhadaa. Fungua penye robo ya tatu. Kitabu cha kusomea Kiswahili kilichotungwa na mtu aliyepata kusomesha huanza na irabu tano, kikaja kwenye ba be bi bo bu na jamii yake, kikachelewesha sauti za kuungana kama mba na nywa, na zile za gh, dh na ng' hata ulimi uwe umezoea. Ama kitabu kimletacho ng'ombe katika ukurasa wa tatu, eti kwa sababu picha yake ni nzuri, mtungaji wake hakukaa na mtoto hata siku moja.

Lakini upo mtego mkubwa zaidi, ambao miongozo ya kigeni haituonyi, kwa kuwa kwao haupo. Kiingereza tahajia yake ni ya mashaka, hivyo mtoto akiweza kukisoma kwa sauti amekwisha kuthibitisha mengi. Ndiyo maana walimu wao husema, mfungulie ukurasa, na kila neno lisilojulikana akunje kidole, na vidole vitano vikikunjwa, kitabu kirudishwe rafuni. Jaribu hilo kwa Kiswahili uone ajabu. Mtoto aliyekwisha kuzishika silabi atakusomea tahariri ya gazeti juu ya bajeti ya serikali, toka juu hata chini, bila kukwama na bila kukunja kidole, asijue aliyesemwa ni nani wala amefanya nini. Na sisi wa pwani tulistahili kulitambua hili mbele ya watu wote, sisi tuliosomeshwa Juzuu Amma chuoni kwa sauti za kupendeza kabla ya kujua maana ya neno moja; kisomo kile kina fadhila yake na thawabu zake, lakini hakuna mzazi aliyedhani kuwa mwanawe sasa anajua Kiarabu.

Basi darja ya kusoma hupimwa kitabu kikishafungwa. Charlotte Mason, mwalimu Mwingereza aliyefariki mwaka 1923, ambaye hakupenda masomo rasmi yaanze kabla ya miaka sita, aliwataka watoto wasimulie walichosomewa mara moja tu, na bibi zetu, wasiomsikia hata kwa jina, walikuwa wakiuliza asubuhi, "Haya mjukuu wangu, sungura wa jana tumemwacha wapi?" Asimuliaye kwa maneno yake, akaongeza chumvi kidogo, kitabu kimemkaa. Arudishaye maneno ya kitabu herufi kwa herufi amehifadhi tu, na arukaye kutoka "halafu" hadi "halafu" pasina mtenda wala mtendwa amepandishwa mno. Kipimo nikiaminicho kuliko vyote ni cha zile silabi ndogo zilizojificha tumboni mwa kitenzi: msomee kwamba sungura alipomkuta fisi amelala alimfunga, kisha muulize nani aliyefungwa. Mjukuu wangu, aliyekuwa akisoma kama maji ya mfereji hata nikamnunulia kitabu cha pili kwa majivuno, nilipomuuliza swali la namna hiyo alitazama picha, akajibu sawasawa. Nilipoifunika picha kwa kiganja, akanyamaza. Tukarudi kitabu cha kwanza, na majivuno yangu nikayatia mfukoni.

Hesabu ina udhuru wake. Kumi na moja mpaka kumi na tisa Kiswahili ni wazi kama mchana, lakini penye ishirini mtoto hukutana na Kiarabu: sitini, sabini na tisini zina udugu na sita, saba na tisa, ilhali ishirini, thelathini, arobaini, hamsini na themanini hazimwambii neno juu ya mbili, tatu, nne, tano na nane. Mzazi aonaye mwanawe amekwama hapo hudhani darja imemzidi, na huenda ni majina tu yaliyomzidi. Mpe kete za bao 34, azitenge kumikumi. Akikuonyesha mafungu matatu na kete nne zilizobaki, usimteremshe. Vivyo hivyo saa ya kitabu cha kigeni, imwambiayo saa saba pale mama yake asemapo saa moja, na sarafu za Kimarekani, ambamo ile ya senti kumi ni ndogo kuliko ya senti tano: hayo ni makosa ya safari ya kitabu, wala mtoto hana hatia.

Nimechelea pia mitaala ifungayo masomo yote katika sanduku moja la darja moja, kwa sababu mkono wa mtoto wa miaka sita huchelewa sana nyuma ya jicho lake, na si insafu kumzuilia hadithi kwa kuwa penseli bado yamponyoka. Ninunue kila somo kwa darja yake, na nikishuku kati ya mbili, nichukue ya chini, tuimalize mapema, kwa vipindi visivyozidi dakika 20. Aombaye maji mara tatu ndani ya muda huo hana kiu. Mjukuu wangu leo yumo katika kitabu cha pili cha kusoma na cha kwanza cha hesabu, na kuandika, bado twaandika kwa kidole mchangani.