Juu ya Maneno Kunyonga, Kutundika na Kuning'inia

Mwanafunzi mmoja hapa Soni alipewa aya ya Kiingereza, Matendo 5:30, aigeuze kwa Kiswahili. Akaandika ya kuwa Bwana Yesu alinyongwa mtini. Nilipomwuliza sababu, akajibu, "Mwalimu, ndilo neno nililolikuta katika kamusi." Kosa hili si la mtoto peke yake, yafaa tulichungue.

Waingereza hutumia kitenzi kimoja kwa koti lililo ukutani, kwa popo aliye darini, na kwa mtu aliyetiwa kitanzi. Sisi hugawanya. Kuangika ni kutia kitu msumarini au kigingini, kama kofia. Kutundika ni kukipandisha juu kikashikwa huko, kama mzinga wa nyuki mtini. Kuning'inia ni hali ya kitu chenyewe, kilichoshikwa juu, wala chini hakina pa kukanyaga. Bali kunyonga ni jambo lingine kabisa: ni kusokota na kupotoa. Kwa hiyo apandaye mlima wa Soni kwa baiskeli husemwa kwamba anainyonga. Na shingo ikinyongwa, koo hukabwa hata pumzi ikakatika, iwe kwa kamba au kwa mikono mitupu.

Tazama Samweli wa Pili, sura ya 17 na ya 18. Ahithofeli alijitia kitanzi akafa. Absalomu alinaswa kichwa katika mwaloni, akawa hai hata Yoabu alipomchoma moyoni. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 yawataja wote wawili kwa kitenzi kile kile. Mfasiri wa Kiswahili akifuata hivyo, atamwua Absalomu kabla ya Yoabu kufika.

Tukisema ya kuwa Abushiri alinyongwa Pangani mwaka 1889, na Mangi Meli huko Moshi mwaka 1900, hatukosei, maana walikufa kwa kitanzi. Hatari ipo barazani. Shahidi aliyekuta maiti kambani akisema, "Nilimkuta amejinyonga," amekwisha kukata shauri mbele ya daktari na hakimu, naye hakuuona mkono uliofunga kamba ile. Akisema, "Nilimkuta ananing'inia," ametoa lile tu ambalo macho yake yaliliona. Magazeti nayo huandika "amenyongwa", msomaji asijue kama ni kwa kamba au kwa mikono. Huku ndugu za marehemu huchukua aibu ya neno ambalo pengine si kweli.

Basi, ndugu walimu, tusiwafundishe watoto kuuliza tu, "Neno hili kwa Kiswahili ni nini?" Waulize kwanza: kimeshikwa nini, kimeshikwa wapi, na ni nani aliyekishika? Mwanafunzi wangu alipokwisha kujiuliza hayo, alifuta neno lake, akaandika ya kuwa Bwana alitundikwa mtini. Naye hakuhitaji kuifungua kamusi tena.