Kilichotangulia Kuharibika

Mtu amesoma hadi shahada ya uzamivu, barua za benki zinamwita Dakta, halafu kila asubuhi anakaa kuchagua mayai ya samaki. Mkataba wake ni wa miaka michache, na akirudi nyumbani hana cha kuwaonyesha wazee wakaelewa. Mimi naihesabu kazi yake ufundi wa hali ya juu.

Samaki mwenyewe huitwa pundamilia kwa michirizi yake. Asili yake ni mito ya Bara Hindi, na kwa ukubwa hamzidi dagaa. Taa za maabara zikiwashwa asubuhi, majike hutaga mayai maangavu. Baada ya saa 24 katika maji ya nyuzijoto 28 hivi, moyo umeshaanza kupiga, nao unaonekana kwa hadubini pasipo kisu. Mtafiti huyatoa yaliyokufa moja moja kwa pipeti, kama anayechagua mchele wa wageni. Yaliyobaki huyagawa: haya kwenye maji yenye kemikali inayoshukiwa, yale kwenye maji yasiyo nayo. Hayo ya pili, ambayo mgeni angeyapita tu, ndiyo yanayomfunza. Huyatazama mpaka ajue jicho hutokea lini, mkia hujinyoosha lini, damu huanza kukimbia saa ngapi.

Utazamaji wa namna hiyo ndio uliokuja kufumbua fumbo moja. Machi 1989 meli ya Exxon Valdez ilipasukia mwambani huko Alaska, ikamwaga lita takriban milioni 40 za mafuta ghafi. Vifaranga vya samaki aina ya heringi vilionekana vimepinda, taya fupi, vimevimba maji. Ukimkuta samaki katika hali hiyo utalaumu mifupa, utalaumu kila kitu. John Incardona na wenzake, katika kituo cha utafiti jijini Seattle, waliamua kuwahi. Katika utafiti waliouchapisha mwaka 2004, waliwatazama pundamilia waliotiwa kemikali zilizomo kwenye mafuta, wakaanza kabla umbo halijaonyesha kasoro. Moyo ndio uliotangulia: mapigo yalipungua, kisha yakavurugika, chumba kimoja kikipiga na cha pili kisifuate. Maji yalijaa baadaye. Mgongo na taya vikaja nyuma. Kilichodhaniwa magonjwa kadhaa kilikuwa moyo mmoja usiosukuma damu.

Kuchelewa siku moja kungetosha kuuficha mfuatano huo wote. (Siku hizi zipo mashine zinazohesabu mapigo zenyewe, na ni nzuri, ila lazima mtu aziambie zitazame wapi na lini.)

Mwaka 2011 watafiti wa kituo hichohicho walichapisha jambo linalonitisha zaidi. Walichukua viinitete vya pundamilia vilivyoonja mafuta kidogo tu, vikakua bila kilema cha kuonekana kwa macho, wakavilea hadi vikawa samaki wazima. Walipowaogelesha dhidi ya mkondo wa maji, samaki hao walishindwa kasi na wenzao, na mioyo yao ilikutwa imebadilika umbo.