Hongera mafundi wa pwani ya Kendwa

Mashua inayovuja si ya kutupwa. Mafundi wa Kendwa na jirani zao wa Nungwi wamelithibitisha hilo vizazi kwa vizazi. Utamkuta fundi amechutama ubavuni mwa chombo, anashindilia pamba iliyolowa mafuta baina ya mbao, kwa patasi na nyundo. Kazi hiyo ya kalafati haitaki papara: mshono mmoja ukipuuzwa, baharini roho za watu zimo hatarini. Taruma lililooza hung'olewa, jipya likachongwa kwa tezo, kipimo kikiwa jicho la fundi, bila mchoro. Bamvua likija, majirani hushika kamba kukishua chombo, wala hawadai ujira. Hongereni sana mafundi wetu, nanyi mnaoitikia mwito wa kuvuta.