Upele: Nyumba Nzima, Usiku Mmoja

Upele ukirudi mara ya tatu, watu huanza kuilaumu dawa. Husema BBE ya siku hizi imechakachuliwa, hutafuta krimu ya bei kubwa zaidi, na wengine huishia kupaka mafuta ya taa au dawa ya kuogeshea mifugo, ambayo inaweza kumdhuru mtoto kuliko upele wenyewe. Mimi nasema dawa za kawaida za upele hazishindwi kirahisi hivyo. Kinachoshindwa ni mpangilio: nani kapakwa, sehemu zipi za mwili, usiku gani, na kama alirudia. Ugonjwa huu unatibika nyumbani, lakini bado unawanyima watoto wetu usingizi kwa miezi, kwa hiyo mpangilio huo unastahili kuchambuliwa kwa makini.

Upele huletwa na kidudu cha jamii ya utitiri kiitwacho Sarcoptes scabiei. Jike lake halifiki hata nusu milimita. Hutoboa tabaka la juu la ngozi, huchimba kijia na kutaga humo mayai mawili au matatu kwa siku, kwa muda wa mwezi mmoja au zaidi kidogo. Mayai huanguliwa baada ya siku 3 hadi 4, na kilichoanguliwa hukomaa kikawa tayari kutaga baada ya siku 10 hadi 14. Mgonjwa wa kawaida, hata anayejikuna usiku kucha, huwa na vidudu kama 10 hadi 15 tu mwilini. Muwasho unatapakaa kwa sababu ni mzio: mwili unavikataa vidudu, mayai yao na kinyesi chao. Kwa hiyo panapowasha si lazima pawe mahali kidudu kilipo, na anayepaka dawa kwenye vipele peke yake anaviacha vingine salama kwenye vijia vyao.

Jambo la pili linahusu muda, na ndilo linaloziponza familia nyingi. Mtu anayeambukizwa kwa mara ya kwanza hawashwi mara moja. Mzio huchukua wiki 4 hadi 6 kujengeka, na katika muda wote huo ngozi yake inaweza kuonekana safi huku akiwaambukiza anaolala nao. Aliyewahi kuugua, akiambukizwa tena, huanza kuwashwa ndani ya siku 1 hadi 4. Matokeo yake, mtoto aliyepona huanza kujikuna kabla ya yule aliyemrudishia ugonjwa, na nyumba nzima inaamini kwamba mtoto ndiye mwenye tatizo.

Nichukue nyumba moja ya kupanga mjini Tanga ambayo naifahamu. Vyumba viwili, baba na mama, watoto wanne, na bibi anayelala na wajukuu wawili kwenye godoro moja. Aliyeanza kuwashwa ni mtoto wa darasa la kwanza: kati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono, kuzunguka kitovu na matakoni, na usiku ndiyo zaidi.

Duka la dawa lilimpa mama krimu ya fangasi yenye klotrimazoli. Ni dawa nzuri kwa choa, ila haina kazi yoyote kwa utitiri. Vipele vilipoongezeka akapewa krimu ya mchanganyiko, ile yenye kiua fangasi, kiua bakteria na betamethasoni ndani ya tyubu moja. Hapo ndipo ninapoumia. Betamethasoni ni steroidi. Hupoza muwasho na wekundu, mama anafurahi, mtoto analala, na chini ya ngozi vidudu vinaendelea kutaga. Wiki chache baadaye upele unakuwa umebadilika sura kiasi kwamba hata mtaalamu anaweza kupata shida kuutambua. Tyubu hizi zinauzwa kama peremende, na hakuna anayemwambia mnunuzi kwamba kutulia kwa muwasho si kupona.

Mara ya tatu wakapata dawa sahihi, BBE, lile jimaji jeupe la benzili benzoeti la asilimia 25. Lakini mtoto alipakwa kwenye vipele tu, akaogeshwa asubuhi kwa ajili ya shule, na usiku akarudi kwenye godoro lilelile, ubavuni kwa bibi. Dawa ilikuwa sawa. Kila kitu kingine kilikosewa.

Aliyeinyoosha kazi hii alikuwa muuguzi wa zahanati. Aliangalia katikati ya vidole vya mtoto kwa mwanga wa simu, akachora wino wa kalamu juu ya kipele kimoja, kisha akafuta kwa pamba yenye spiriti. Wino wa juu ulitoka wote, ukabaki mstari mwembamba wa buluu uliojikunja kidogo: kijia cha kidudu, kimekunywa wino. Njia hii inafanyika popote penye kalamu na spiriti, japo kukosekana kwa mstari si uthibitisho kwamba hakuna upele. Swali lake lililofuata halikuhusu ngozi hata kidogo. Aliuliza nyumbani wanalala wangapi, na nani analala na nani.

Bibi ndiye aliyekuwa mgumu.

“Mwanangu, mimi siwashwi. Niacheni na mafuta yangu ya nazi.”

“Bibi, nakuomba unisaidie kumtibu mjukuu wako. Ukipaka wewe, ndipo atapona yeye.”

Akakubali. Wakachagua Ijumaa usiku, kwa kuwa Jumamosi hakuna shule na dawa ingekaa mwilini saa 24 bila mtoto kuogeshwa. Kila mmoja alikatwa kucha fupi, akaoga, akajikausha na kusubiri ngozi ipoe. Kwa ajili ya watoto mama alichanganya BBE na maji safi kiasi sawa kwa sawa, kwa maelekezo ya muuguzi, maana ile kali huchoma ngozi yao. Kisha ikapakwa kuanzia nyuma ya masikio na shingoni hadi nyayo: kati ya vidole, chini ya kucha, kwapani, chini ya matiti, kitovuni, kwenye mapaja, kati ya matako na sehemu za siri. Mgongo alipakwa mtu na mwenziwe. Aliyenawa mikono kabla ya kula alipakwa mikono upya, na hili dogo ndilo linalosahaulika kuliko yote, wakati mikono ndipo vidudu vinapopenda zaidi. Watoto waliambiwa mapema kwamba penye michubuko patachoma, kwa hiyo hawakukimbia katikati ya kazi.

Shuka na nguo za siku hizo zilifuliwa kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Visivyofulika vilifungwa kwenye mfuko na kuwekwa kando, kwa sababu nje ya mwili wa binadamu vidudu hivi kwa kawaida hufa ndani ya siku 2 hadi 3. Godoro halikuchomwa moto wala kutupwa. Kuhusu hilo nitaeleza kidogo, kwa kuwa familia nyingi humaliza nguvu na fedha kwenye matandiko, kisha zinamsahau mtu mmoja.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, jeshi la Uingereza lilikuwa likisumbuliwa na upele na kutumia nguvu nyingi kusafisha mablanketi ya askari kwa mvuke. Mwaka 1941, mtaalamu wa wadudu Kenneth Mellanby alianza majaribio mjini Sheffield akiwa na vijana waliokataa kwenda vitani kwa sababu za dhamiri, wakajitolea miili yao. Walivaa nguo za ndani za wagonjwa bila kufuliwa na kulala uchi kwenye mablanketi yaliyotoka kutumiwa na wagonjwa. Walioambukizwa kwa njia hiyo walikuwa wachache mno. Mellanby alihitimisha kwamba upele hupita hasa ngozi ikigusana na ngozi kwa muda, na kitandani ndiko mahali pake pakuu. Alipohesabu vidudu kwa wagonjwa 886, alipata wastani wa kama 11 kwa mtu. Ni yeye pia aliyeonesha kwamba mwezi wa kwanza wa maambukizi hupita bila muwasho. Kwa hiyo shuka zifuliwe, ndiyo, ila zisichukue nafasi ya bibi anayesema hawashwi.

Ushahidi wa karibuni zaidi unatoka Fiji. Mwaka 2012 jamii za visiwani ziligawanywa katika makundi matatu. Kundi moja walitibiwa wagonjwa na waliokuwa karibu nao kwa krimu ya permetrini. La pili watu wote walipewa permetrini, wawe na upele au la. La tatu watu wote walipewa vidonge vya ivermektini. Baada ya mwaka mmoja, wenye upele katika kundi la kwanza walishuka kutoka asilimia 36.6 hadi 18.8, la pili kutoka 41.7 hadi 15.8, na la tatu kutoka 32.1 hadi 1.9. Msomaji makini atasema: kumbe dawa ndiyo iliyoleta tofauti. Sikubaliani moja kwa moja. Permetrini ikipakwa sawasawa ni dawa kali sana kwa upele. Nionavyo, kidonge kilishinda kwa sababu kikishamezwa kinafika kwenye ngozi yote. Hakiruki mgongo wala kucha, na hakinawi kabla ya chakula. Krimu inategemea mikono ya anayepaka, usiku, kwenye mwanga hafifu, na watoto wanaolia. Takwimu za Fiji kwangu zinapima pia ugumu wa kazi ile ya Ijumaa usiku.

Sisi tuna ushahidi wetu, na inasikitisha kwamba hautajwi. Zanzibar ilianza mwaka 2001 kuwagawia wananchi wa Unguja na Pemba ivermektini pamoja na albendazoli kila mwaka ili kutokomeza matende na mabusha. Lengo halikuwa upele kabisa. Lakini wataalamu waliporudi kupitia kumbukumbu za vituo vya afya, walikuta wagonjwa wa upele nao wamepungua sana. Watu wengi kumeza dawa kwa wakati mmoja kulifanya kile ambacho chupa moja moja za dukani hazikuwa zimefanya. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliuingiza upele kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yasiyopewa kipaumbele.

Turudi Tanga, kwa kuwa usiku ule mmoja haukumaliza kazi. Mayai huvumilia dawa kuliko vidudu vyenyewe, na ivermektini haiyaui. Kwa hiyo dawa hurudiwa, kwa kawaida kati ya siku ya 7 na ya 14, wakati mayai yameshaanguliwa lakini vilivyozaliwa havijaanza kutaga. Permetrini ya asilimia 5 hukaa mwilini saa 8 hadi 14 na hurudiwa hivyohivyo. Ivermektini hupimwa kwa uzito, mikrogramu 200 kwa kila kilo. Ratiba ya BBE hutofautiana kidogo, kwa hiyo fuata karatasi ya dawa au maelekezo ya mhudumu wa afya. Familia ile ilirudia wote, bibi akiwemo.

Kisha likaja jaribu la mwisho: muwasho uliendelea. Hili ni la kawaida. Vidudu vikishakufa, mabaki yao hubaki ndani ya ngozi na mzio huchukua wiki 2 hadi 4 kutulia. Wengi hapo huingiwa na hofu na kupaka BBE kila siku, ngozi inakauka, inapasuka, inawasha zaidi, nao wanaona upele umekataa dawa. Dawa ya mzio ya usiku na mafuta ya kawaida ya kulainisha ngozi vinatosha. Kinachostahili wasiwasi ni vipele vipya au vijia vipya baada ya wiki 4, au mtu mmoja wa nyumba aliyekosekana siku ya kupaka.

Kuna wasiotibiwa kwa mpango huu wa nyumbani. Mtoto mchanga na mama mjamzito wapelekwe kliniki kuchaguliwa dawa. Huko marhamu ya salfa bado inatumika, na kwa mchanga dawa hufika hata kichwani. Ivermektini hawapewi wajawazito wala watoto wasiofika kilo 15. Penye usaha patibiwe haraka, kwa sababu bakteria wanaoingia kupitia michubuko wanaweza kuathiri figo. Na mzee au mtu mwenye kinga dhaifu ambaye ngozi yake imejaa magamba mazito, hata kama hajikuni sana, anaweza kuwa na vidudu maelfu kwa maelfu. Huyo ni mgonjwa wa hospitali, na anaweza kuambukiza wodi nzima.

Ninawaomba wawili hasa. Mkuu wa shule ya bweni: mwanafunzi mmoja akikutwa na upele, usimrudishe nyumbani na chupa yake peke yake, tibu bweni zima usiku mmoja, kisha rudia, na wazazi wapewe taarifa watibu nyumbani wakati huohuo. Na wewe muuza dawa, mteja akija na mtoto anayejikuna usiku, weka kando tyubu ya mchanganyiko. Muulize kwanza nyumbani wanalala wangapi, kisha umpe dawa inayowatosha wote.